Land Cruiser, Hilux au D-Max: Pikapu Gani ya Dizeli Itaifaa Kazi Yako Hapa Pwani?

Mtu wa pwani akishajenga nyumba, kitu cha pili kwa ughali atakachonunua maishani huwa ni gari la kazi. Tofauti ni kwamba nyumba ikikwama kwenye lenta, itakaa pale na kumngoja mwenyewe mpaka riziki ipatikane. Gari halingoji. Linakula mafuta, linakula spea, linakula siku za fundi, na mwisho linakula ule mtaji uliolinunua. Nimeona watu wakiuza shamba la minazi wakanunua pikapu, na baada ya miaka miwili wakawa hawana shamba wala pikapu.

Swali ninaloulizwa zaidi barazani, baada ya lile la siasa, ni hili: "Bwana, nichukue Land Cruiser, Hilux au D-Max?" Nimesomea ufundi wa magari hadi diploma, na kabla ya kuanza kuandika safu hii nilisimamia magari ya mizigo kwa miaka kadhaa. Basi leo nimeona niliweke jibu langu mahali pamoja, ili anayetaka kununua alisome kabla hajatoa pesa. Sitasema gari lipi ni bora kuliko yote, kwa sababu gari la namna hiyo halipo. Gari huwa bora kwa kazi fulani, na likipelekwa kazi nyingine likawa hasara.

ANZA NA MZIGO

Kabla hujataja jina la gari lolote, chukua karatasi uandike mambo manne: utabeba nini, uzito wake kilo ngapi, utapita njia gani, na kwa mwezi utatembea kilomita ngapi. Wengi wetu huanza na rangi ya gari na kumalizia na mzigo. Ni sawa na kununua tanga kabla ya kujua ukubwa wa mashua.

Pikapu hizi zote tatu, zikiwa na kabini moja, zimeundwa kubeba takribani tani moja, nyingine zikizidi kidogo. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Ni tangi la maji la lita 1,000 likiwa limejaa, bila hata ya kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Kwa muuza samaki, kumbuka kwamba barafu nayo ni mzigo: ukipakia kilo 600 za samaki na kilo 400 za barafu, umeshafika. Anayepakia mifuko 35 ya saruji kwenye pikapu ya tani moja kwa kuwa "springi zimeongezwa" hajaongeza uwezo wa gari. Springi zitahimili, lakini breki, ekseli, beringi na chasisi ni zile zile. Kazi yako ikiwa ni tani mbili kila siku, acha pikapu, tafuta lori dogo.

Jambo jingine ni pale mzigo unapokaa. Pikapu ya kabini mbili ina kitanda kifupi, na sehemu kubwa ya mzigo huangukia nyuma ya ekseli. Ukiongeza kanopi ya chuma na mizigo mirefu inayoning'inia nyuma, chasisi huanza kupinda taratibu nyuma ya kabini. Ukiona mwanya kati ya kabini na kitanda ni mpana juu kuliko chini, gari hilo limeshakunjika mgongo. Kwa kazi ya mizigo mizito, kabini moja ndiyo yake. Kabini mbili ni ya mtu anayechanganya kazi na familia.

TOYOTA LAND CRUISER 79

Hili ndilo gari ambalo jina lake limeenea kutoka Lunga Lunga hadi Kiunga. Jamii ya Land Cruiser 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na pikapu hii ya 79 ikatoka mwaka 1999. Yale tunayonunua mapya Kenya huunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa hiyo kuna vijana wetu wanaolijua gari hili nati kwa nati.

Injini iliyolipa sifa Afrika inaitwa 1HZ. Ni ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika tupu. Nguvu yake si kubwa kama watu wanavyodhani: ni karibu kilowati 96, na mvuto wake ni Nm 285. Hilux ndogo ya siku hizi inaishinda kwa karatasi. Lakini 1HZ haikuundwa kwa mashindano. Iliundwa kutembea polepole na mzigo, kwa miaka mingi, kwa dizeli ya aina yoyote, na kutengenezwa na fundi mwenye spana na akili timamu bila kompyuta. Mbele ina ekseli nzima yenye springi za koili, nyuma ina springi za majani, na chasisi yake ni nene kuliko za wenzake wawili.

Ubaya wake ni tatu. Kwanza bei, ambayo imepita mbali bei ya D-Max au Hilux ya kabini moja. Pili, inakunywa mafuta. Nitaleta hesabu yake hapa chini. Tatu, watu husema "Land Cruiser haifi" wakasahau kwamba 1HZ ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kila kilomita laki moja hivi. Mkanda ukikatika, vali na pistoni hugongana, na hapo hata hiyo isiyokufa hufa.

Siku hizi Toyota inatoa pia Land Cruiser 70 yenye injini ya lita 2.8 ile ile inayotumika kwenye Hilux. Ina nguvu zaidi na inakula kidogo, lakini ni injini ya kielektroniki. Anayenunua 79 kwa sababu ya ule usugu wa zamani aulize kwanza chini ya boneti kuna nini.

TOYOTA HILUX

Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2015 zina injini mbili za dizeli: lita 2.4 na lita 2.8. Zote zina turbo, na taimingi yake ni ya mnyororo, si mkanda. Ile ya 2.4 hutoa karibu kilowati 110. Zile za kabla yake, ambazo watu huziita Vigo, za lita 2.5 na 3.0, zina mkanda wa taimingi. Ukinunua Vigo iliyotumika na mwenyewe hana karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kama haujabadilishwa, na utoe gharama yake kwenye bei.

Hilux ni gari la katikati. Linakwenda vizuri kwenye lami kuliko Land Cruiser, breki na usukani wake ni vyepesi, na 4x4 yake yenye gia ya chini inatosha kabisa kwa njia zetu nyingi za mchanga na tope. Spea zake zipo kila mji. Likija kuuzwa, linauzika kwa siku chache. Udhaifu wake mkubwa kwetu ni ule wa injini zote za kisasa, yaani dizeli chafu, na huo nitauelezea peke yake.

ISUZU D-MAX

D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Ndiyo pikapu ya mkulima, ya mkandarasi na ya duka la vifaa vya ujenzi. Nyingi zilizoko barabarani zina injini ya lita 2.5 au 3.0, na kuna za karibuni za lita 1.9. Usiicheke hiyo ya 1.9 kwa udogo wake, maana inatoa kilowati 110 na Nm 350, kwa msaada wa turbo. Lakini ukubwa wa injini una maana yake: injini ndogo inayobeba tani moja kila siku inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, na haisamehe oili iliyocheleweshwa.

Sifa ya D-Max ni bei ya kununua, mafuta kidogo, na taimingi ya mnyororo. Springi zake za nyuma ni ngumu. Bila mzigo utarukaruka kama uko kwenye punda, ukipakia linatulia. Likiwa la 4x2 linafaa lami na murram kavu. Ukilipeleka kwenye udongo mweusi wa Tana Delta baada ya mvua, utalala nalo huko.

Wapo watakaouliza kuhusu Ford Ranger. Ni gari zuri, lina nguvu na starehe, na zetu hutoka Afrika Kusini. Lakini kwa kazi ya kila siku mbali na Mombasa mjini, naangalia kitu kimoja: fundi wa Garsen au Mpeketoni ana spea yake leo, au ataagiza na gari lingoje? Kwa gari la biashara, siku moja ya kungoja spea ina bei yake.

DIZELI YETU NA INJINI ZA KISASA

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapozama. Hilux na D-Max za siku hizi hutumia mfumo unaoitwa komon reli. Pampu husukuma dizeli kwa shinikizo linalozidi bar 1,600. Ili uelewe, hewa iliyomo ndani ya tairi lako ni bar mbili na kidogo. Dizeli hiyo hupita kwenye nozeli zenye matundu membamba sana, na ni dizeli hiyo hiyo inayolainisha pampu.

Sasa tia maji humo, au mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli. Pampu husagika, vumbi la chuma huingia kwenye nozeli, na kifuatacho ni kubadilisha pampu, reli na nozeli zote nne kwa mpigo. Bei yake inaweza kumaliza faida ya mwaka mzima. Uchanganyaji huu haukuwa hadithi za vijiweni. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya na dizeli. Dizeli rasmi ya Kenya ilitakiwa kuanzia Januari 2015 isizidi salfa ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni nzuri. Tatizo ni yale madumu ya njiani, na matangi ya vituo vidogo yaliyoingia maji wakati wa masika.

Mwenye injini ya kisasa ashike mambo matatu. Jaza kituo kimoja unachokiamini. Mwaga maji kwenye filta ya dizeli kila mara, na ubadilishe filta kabla ya muda wake, ukitumia filta halali na si ile ya bei ya kutupa. Taa ya filta ikiwaka, simama hapo hapo. Usiseme "nifike nyumbani kwanza". Kama kazi yako iko mahali ambapo dizeli ya dumu haikwepeki, basi hiyo ni sababu ya kweli ya kutafuta Land Cruiser ya 1HZ. Hata hiyo haipendi maji, lakini inavumilia.

HESABU YA MAFUTA

Mafuta ndiyo gharama ambayo watu huiona kila siku na hawaijumlishi. Tuchukue mfano. Gari linatembea kilomita 2,500 kwa mwezi, na tuseme lita ya dizeli ni shilingi 170. Bei hubadilishwa na EPRA kila mwezi, kwa hiyo weka ya siku yako.

Land Cruiser ya 1HZ yenye mzigo, tuseme inakwenda kilomita 8 kwa lita. Hizo ni lita 312 na nusu, yaani shilingi 53,125 kwa mwezi. D-Max au Hilux ndogo, tuseme inakwenda kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 208, karibu shilingi 35,400. Tofauti ni kama 17,700 kwa mwezi, na kwa mwaka ni takribani shilingi 212,000. Kwa miaka mitano imepita milioni moja.

Tofauti hiyo si hoja ya kuikataa Land Cruiser. Kama inakufikisha mahali ambapo nyingine inakwama, na huko ndiko pesa ilipo, itajilipa. Lakini kama unakwenda nayo Likoni na kurudi kwa lami, hizo laki mbili unazitupa baharini kila mwaka.

Nakumbuka ndugu watano wa tumbo moja, wafanya biashara ya samaki upande wa Gazi, walioniita mwaka jana niwape ushauri. Walikuwa na pesa za mirathi ya baba yao, na zilitosha vitu viwili: Land Cruiser 79 ya zamani iliyokwisha tembea sana, au D-Max ya kabini moja ambayo ilikuwa bado changa. Wanaume wote wanne walitaka Land Cruiser. Baba yao alikuwa akiitamani tangu walipokuwa wadogo. Dada yao, ndiye mshika daftari la mapato, alikuwa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia mkubwa wao: "Kaka, kwani sisi samaki wetu wanakwenda wapi?" Wakatazamana. Samaki wanakwenda Likoni na Mombasa, lami mpaka mlangoni kwa mnunuzi. Vumbi ni ile njia ya kushuka pwani tu. "Basi tunanunua gari la kupanda mlima gani?" akauliza.

Sikuwa na la kuongeza. Walichukua D-Max, pesa iliyobaki wakanunua masanduku ya barafu, na mgao wa kila mmoja wao umekuwa ukitoka. Pesa ya mirathi ikipotea, hupotea mara mbili, maana pamoja nayo undugu nao huingia ufa. Lile swali la dada lilistahili kuulizwa kabla ya jingine lolote.

CHUMVI

Wenzetu wa bara wakinunua gari huogopa mashimo. Sisi tuna adui mwingine: upepo wa kusi na kaskazi unaoleta chumvi usiku na mchana. Ongeza maji ya barafu ya samaki yanayovuja kitandani, ongeza kivuko cha Likoni, ongeza kuingiza gari ufukoni wakati wa kupakia, na utaelewa kwa nini gari la miaka saba hapa linafanana na la miaka kumi na tano huko Eldoret.

Kutu haianzi pale unapoiona. Huanza ndani ya chasisi, kwenye maungio ya springi, juu ya tangi la mafuta na kwenye mabomba ya breki. Bomba la breki likiliwa na kutu, siku ya kupasuka haitakupigia simu. Kwa hiyo, baada ya kununua, pikapu isafishwe chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, halafu ipigwe dawa ya kuzuia kutu mpaka ndani ya chasisi. Anayebeba samaki atandike kitanda kwa karatasi nene ya plastiki au faiba na atoboe njia ya maji kutoka nje kabisa, yasitiririke juu ya ekseli. Na kila wiki, maji matamu chini ya gari. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za dereva.

MPYA, MTUMBA WA NJE, AU ILIYOTUMIKA HAPA

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Sheria hizi mbili zinawahusu sana watu wetu, kwa sababu wengi tuna jamaa Dubai na Muscat. Wanatuma picha za Land Cruiser pikapu safi, bei ya kupendeza, halijagusa tope. Lakini magari ya Ghuba yana usukani wa kushoto. Usitume hata shilingi. Litafika bandarini na kukaa hapo likila ada za uhifadhi, na hutalisajili.

Wengine wanasema wataagiza kutoka Japani kama wanavyoagiza Probox. Kwa pikapu hizi, Japani si soko lake. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017. D-Max haiuzwi huko, inatengenezwa Thailand. Hizo Hilux chache za Japani za karibuni zina chujio la masizi kwenye ekzosi na mfumo wa kutia urea, na vyote viwili vinahitaji dizeli safi na fundi wa kompyuta. Nyingi za mtumba hutoka Thailand, Uingereza na Afrika Kusini. Za Uingereza zichunguzwe chini kwa taa, kwa maana huko barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na sisi tunakuja kuiongezea ya kwetu.

Land Cruiser 79 ya dizeli iliyotumika, kwa hiyo, utaipata zaidi hapa hapa nchini: za mashirika, za kampuni, za mnada wa serikali. Kuna nzuri humo. Kuna pia zilizopigwa kila siku na madereva ambao hawakuwahi kulipia spea hata moja. Kilomita za kwenye dashibodi zisikudanganye. Tazama pedali za miguu, usukani na kiti cha dereva. Mpira wa pedali ulioliwa hadi chuma haulingani na kilomita elfu tisini.

KULIKAGUA GARI LILILOTUMIKA

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini inayowashwa moto huficha maradhi. Iwashe wewe. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga si ajabu kwa dizeli. Moshi wa samawati unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokatika, hasa maji ya radieta yakiwa yanapungua, ni ishara ya gasketi ya kichwa au kichwa chenyewe.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka. Ikipumua kwa nguvu hadi kifuniko kirukeruke, pistoni na ringi zimechoka. Tazama maji ya radieta: yakiwa na oili juu yake, ondoka. Lala chini uangalie chasisi urefu wake wote, na ugonge kwa nyundo ndogo; chuma kizima hulia, kilicholiwa husema "pu". Tia 4x4 na gia ya chini, utembee nayo mahali pa mchanga, usiamini taa ya dashibodi pekee. Kwa zenye komon reli, lipa fundi mwenye mashine asome makosa yaliyohifadhiwa na jinsi nozeli zinavyorudisha mafuta. Ada ya fundi huyo itakuuma siku moja. Nozeli nne zitakuuma mwaka.

Mwisho linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye logbuku, na ufanye upekuzi wa rekodi za NTSA kupitia eCitizen ujue mwenye gari ni nani na kama kuna benki inayolidai. Usikubali "logbuku iko kwa kaka yangu Nairobi, inakuja". Pesa na umiliki vihame siku moja.

PESA NA BIMA

Anayenunua kwa fedha za benki na hataki riba ana njia ya murabaha: benki hulinunua gari, kisha humuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, akalipa kwa awamu. Soma masharti yake kama unavyosoma mkataba wowote. Uliza ukichelewa awamu moja kunatokea nini, na bima inalipwa na nani. Neno la Kiarabu juu ya karatasi halikuondolei wajibu wa kusoma yaliyo chini yake. Kinachonitia hofu zaidi ni mikopo ya haraka inayoshika logbuku. Gari la kazi linalochukuliwa na mdai katikati ya msimu wa samaki haliwezi tena kufanya kazi ya kulilipa deni.

Kwenye bima, sema kweli kuhusu kazi yako. Bima ya kubeba mali yako mwenyewe ni tofauti na ya kubeba mizigo ya watu kwa kukodishwa. Ukikata ya kwanza na ukafanya kazi ya pili, siku ya ajali kampuni ina haki ya kukugeuzia mgongo. Na abiria kitandani nyuma, hata wakiwa wanakwenda mazikoni, sheria haiwatambui wala bima haiwatambui.

NANI ACHUKUE GANI

Kwa anayefanya kazi Tana Delta, Boni, au ndani kabisa ya Kinango na Ganze, masika na kiangazi, na mafuta yake mara nyingi ni ya dumu: Land Cruiser ya 1HZ, mradi ana pesa ya kuinunua ikiwa nzima. Land Cruiser iliyochakaa ni gharama ya Land Cruiser bila faida yake.

Kwa anayechanganya lami ya mbali na njia mbovu za mwisho, kama yule anayetoka Malindi kwenda Lamu, ambako sasa lami imefika, kisha akaingia mashambani Witu na Hindi: Hilux 4x4, au D-Max 4x4 kama bajeti inabana.

Kwa anayebeba saruji, samaki, nazi au vinywaji kwa lami na murram ya kawaida, kutoka Kwale hadi Kilifi: D-Max ya kabini moja, 4x2, mpya kadiri mfuko unavyoruhusu. Tofauti ya bei aiweke akiba ya matairi, oili na siku ya dharura.

Na kwa anayetaka pikapu ili watu wamuone msikitini siku ya Ijumaa, achukue yoyote inayong'aa. Huyo hana haja ya ushauri wangu, ila asiinunue kwa pesa za mirathi ya watoto wa watu.